Sisimizi wa Mwalimu Tajudin

Apio anasema alikuwa anakwenda bombani na jerikeni yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alipomwona Mwalimu Tajudin amechuchumaa mlangoni mwa bafu la wanaume. Mkononi ana simu, tochi imewaka, anamulika sakafu kama mtu aliyedondosha jino la dhahabu. Apio anasema alimsalimu mara mbili, hakujibiwa. Mara ya tatu Mwalimu akainuka, akatupa mikono juu, akasema kwa sauti ya mtoto aliyefaulu mtihani, "Wameondoka! Wameondoka wote!" Halafu, Apio anasema, akacheza.

"Alicheza vipi?" nikamuuliza.

"Hivi." Akaweka jerikeni chini, akashika leso yake kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika kanzu, akazunguka mara moja na nusu. "Na goti yake ile mbaya! Haki ya Mungu, Nerima, mzee naruka!"

Apio ni jirani wa mlango wa pili, anauza samaki wakavu, na jambo likipita mikononi mwake huwa analikaanga kidogo kabla ya kuligawa. Simsemi vibaya. Nilipunguza ile mara moja nikabakiza nusu. Lakini hayo maneno ya "wameondoka wote" niliyaamini palepale, kwa sababu nilijua ni nani walioondoka, na nilijua wameondoka kwa nini. Nikainama, nikaendelea kufikicha kola ya kanzu.

Walioondoka ni sisimizi.

Nieleze taratibu. Nyumba ya Mwalimu iko Old Kampala, chini ya msikiti mkubwa, nyumba ya zamani yenye vyumba sita vinavyotazama ua mmoja. Yeye na mkewe, Bi Naila, wanakaa vitatu vya mbele, vingine wamepangisha. Watoto wa mtaa wanakuja kusomeshwa Kurani kwenye baraza kila alasiri. Mimi nimetoka Bungoma, niliishia darasa la nane, na huu ni mwaka wa tatu nawafulia, nawapikia na kufagia ua. Wananiita binti. Mimi ni Mkristo na hawajawahi kunisumbua kwa hilo, ila Bi Naila Jumapili hunikagua kabla sijaenda kanisani na kusema nguo yangu ingeongezwa shibiri moja.

Mwalimu ana sukari, mwaka wa tisa sasa. Wa kwanza kumwambia hakuwa daktari. Anapenda sana kusimulia hiyo habari: siku moja aliingia bafuni asubuhi kujisaidia, aliporudi adhuhuri kutia udhu akakuta mstari wa sisimizi umetoka kwenye ufa wa ukuta, umenyooka kama safu ya swala, mpaka palepale alipochuchumaa. Akamwaga maji. Kesho yake wamerudi. Akamwaga tena, wakarudi na jamaa zao. Bi Naila akacheka, akasema, "Labda umekuwa mtamu uzeeni, maana ujanani sikukuonja hivyo." Wiki ilipokwisha akaenda kliniki, muuguzi akamchoma kidole, akamwonyesha namba kwa uso wa huruma. Mwalimu akamwambia, "Najua, dada. Nimeshaambiwa."

Tangu hapo anawaheshimu sisimizi kuliko mashine ya kupimia sukari. Na mashine anayo, mjukuu wake Raisa anayefanya kazi Nakawa alimletea, iko kwenye mfuko wake mweusi ndani ya droo, pamoja na vijiti vyake. Akiambiwa aitumie anasema, "Mashine imetengenezwa na mtu, na mtu anaweza kukosea. Sisimizi hana sababu ya kunidanganya." Kwa hiyo miaka yote hiyo alimeza vidonge vyake asubuhi na jioni, na kila asubuhi alikagua bafu. Siku sisimizi wakiwa wachache, alikuwa na furaha. Wakiwa wengi, hata biskuti hakugusa.

Halafu majani yakaja. Miezi miwili iliyopita alitoka harusini huko Kibuli na habari za mululuza. Huo ni mti mdogo, unaota hata kando ya uzio, na majani yake ni machungu kuliko dawa yoyote niliyowahi kupewa na mama yangu. Mtu alimwambia yanashusha sukari. Nikatumwa soko la Kalerwe kwa mama mmoja anayeyauza kwa mafungu, nikaambiwa niyachemshe mpaka maji yageuke rangi ya chai isiyo na maziwa. Nilionja kijiko kimoja, ulimi wangu ukaninunia mpaka jioni. Mwalimu alikunywa glasi nzima kila siku akiwa amefumba macho, na akimaliza alisema, "Kitu kichungu namna hii hakiwezi kukosa faida."

Muuguzi wa kliniki alipoambiwa hakukasirika. Mimi nilikuwepo, nilimsindikiza Mwalimu siku ile. Alisema, "Kunywa kama unayapenda, mzee wangu, lakini uwe unaniambia, na upime, maana majani na vidonge vinaweza kukushusha kupita kiasi. Na vidonge usiache. Umenisikia? Usiache." Mwalimu akasema amesikia. Na kweli hakuacha, mpaka hiyo Jumatatu ya kucheza.

Jumatatu hiyo alikaa mezani, akaita, "Naila, lete sukari." Bi Naila akasimama na birika hewani.

"Sukari ya nani?"

"Ya mume wako. Kijiko kimoja tu, cha kushukuru. Nimepona." Akasukuma kopo la vidonge mpaka upande wa pili wa meza. "Hivi vifungie kabatini. Miaka tisa nimevimeza, havikuwahi kuwaondoa sisimizi hata siku moja. Majani miezi miwili tu, wote wamehama!"

Bi Naila akanitazama. Mimi nikatazama chapati.

Sasa niseme nilichokuwa nakijua. Jumamosi iliyotangulia, Bi Naila akiwa ametoka, nilikuwa nafulia kando ya bafu kama kawaida, na sisimizi wakaanza kupanda kwenye beseni langu. Wakaingia kwenye shuka nililokwisha kulisuuza. Nikachoka nao. Nikachukua mafuta ya taa yaliyobaki chini ya chupa, nikachanganya na majivu, nikayashindilia kwenye ule ufa na kuyapaka mferejini. Jumapili nikarudia, maana wawili watatu walikuwa bado wanazurura. Baada ya hapo sikumwona hata mmoja. Nilijipongeza, nikasahau. Ndio hivyo tu. Majani hayakuwa hata karibu na ule ufa.

Kwa nini sikusema hapohapo? Nilijiambia, labda na majani nayo yamefanya kazi. Mtu anaweza kumwaga mafuta Jumamosi na mtu mwingine akapona Jumamosi hiyohiyo. Halafu mzee alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona. Alikuwa anaimba kaswida akikata kucha. Nikaona nisubiri, nitazame. Kutazama ninakuweza.

Nikatazama mtungi. Mimi ndiye ninayejaza mtungi wa maji ya kunywa wa barazani. Zamani ulifika alasiri. Wiki ile, adhuhuri ulikuwa mtupu, nikaujaza, na alasiri ukawa mtupu tena. Nikamtazama akisomesha. Mwalimu huyu, mtoto akikosea irabu moja hata yeye akiwa amesinzia alikuwa anamrudisha. Sasa walikuwa wanaruka mistari mizima, naye kichwa kimeegemea nguzo, mdomo umekauka. Katikati ya somo anaamka, anakwenda bafuni, anarudi, anakwenda tena. Siku ya saba Bi Naila akaniletea suruali za mumewe za chini ya kanzu nizifupishe kamba, kwa sababu zinamvuka.

"Amekonda," nikasema.

"Anasema ndio afya," Bi Naila akajibu. Akazikunja zile suruali mara tatu.

Na watu wakaanza kuja. Habari alianza nayo Apio bombani, ikatoka getini, ikapanda mpaka msikitini. Mwalimu hakutaka hata shilingi ya mtu, aligawa majani kama mtu anayegawa tende za futari, mpaka nikawa nakwenda Kalerwe mara tatu kwa wiki. Yule mama muuzaji akaniuliza, "Nnyabo, bibie, umefungua zizi la mbuzi?"

Kila aliyekuja alipelekwa kwanza bafuni kuonyeshwa sakafu. Nilikuwa napisha na ndoo yangu. Wazee wanne wa heshima, wamevaa kofia safi, wamejipanga wanatazama saruji tupu na kutikisa vichwa. "Subhanallah." Mimi naangalia pembeni, nanusa mafuta ya taa, nashangaa pua zao zina nini.

Kilichonivunja ni Rafiq. Ana duka la vitambaa hapo chini, mtu mnene, mcheshi, ana sukari miaka mingi kama Mwalimu. Jumatano ya wiki ya pili aliingia anacheka tangu getini.

"Mwalimu! Na mimi nimeviacha! Tangu jana sijagusa kidonge!"

"Mashallah. Na majani?"

"Nimekunywa, nimelia, nimekunywa tena. Mke wangu anasema nikimbusu anahisi ameramba mti." Wakacheka wote wawili, Mwalimu akapaliwa na kukohoa muda mrefu. Rafiq akasema Ijumaa baada ya swala atawaleta watu watatu wengine, waone kwa macho yao. "Nimewaambia, si maneno, ni ushahidi. Mje mwone bafu."

Alipoondoka niliweka pasi chini. Nikaenda barazani, nikakaa kwenye jamvi mbali kidogo, kama wanavyokaa wanafunzi wake.

"Mwalimu, nina neno."

"Sema, binti."

"Wale sisimizi hawakuondoka kwa majani."

Ana desturi moja. Mtoto akimletea habari yoyote, hata kwamba mvua inanyesha, humuuliza kwanza swali lilelile. Aliniuliza na mimi: "Umeona, au umesikia?"

"Nimefanya," nikasema.

Nikamweleza yote, Jumamosi na Jumapili, chupa na majivu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akainuka, akatembea mpaka bafuni, akainama na lile goti lake, akaweka pua karibu na ufa. Akakaa hivyo. Aliporudi uso ulikuwa mwekundu.

"Kwa hiyo siku tisa hizi namshukuru Mungu kwa mafuta yako ya taa?"

"Mungu umemshukuru tu, Mwalimu. Hakuna ubaya. Mafuta yalikuwepo hapo kando."

"Usinifanyie utani!" Akapiga mkono kwenye nguzo. Halafu akakaa. "Ungeniambia siku ile ile."

"Ulikuwa unaimba."

Akachezea tasbihi yake, akaipeleka punje moja moja. Mwisho akasema, "Hujathibitisha kitu. Wewe umewafukuza, sawa. Lakini labda hata usingewafukuza wasingekuja. Mimi huenda nimepona na wewe huenda umemwaga. Ndivyo?"

"Ndivyo. Na mimi nilijiambia hivyohivyo."

"Basi waulizwe."

"Si utumie mashine, Mwalimu? Dakika moja tu, nitakushikia kidole."

"Waulizwe wenyewe," akasema.

Ndio maana jana Alhamisi, baada ya chai, tulikuwa nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo sijawahi kumwaga chochote. Nilikuwa nimefagia, nimechora kwa mkaa maduara mawili kwenye saruji. Mwalimu alitaka iwe haki. Duara la kwanza nikamwaga maji matupu. Yeye akatoka bafuni na kikopo cha plastiki, amekifunika kwa kitambaa, anatembea amegeuza uso upande wa ukuta kama bwana harusi, na mimi nimegeuza wangu upande wa pili. Akakimimina mwenyewe kwenye duara la pili, akanawa mikono mara tatu.

Bi Naila akatokea na glasi yake ya chai. Hatukuwa tumemwambia kitu. Alitutazama, akatazama maduara, akaelewa yote.

"Ongeza la tatu," akaniambia.

"La nini?" mumewe akauliza.

"La chai yangu, ina vijiko vitatu. Kama mnawauliza, waulizeni vizuri."

Nikachora la tatu. Akamwaga nusu ya chai, nusu akaendelea kunywa. Mwalimu akaketi kwenye kigoda, Bi Naila kwenye ndoo iliyopinduliwa, mimi nikachuchumaa. Tukangoja.

Kwanza hakuja mtu. Mwalimu akaanza kuchangamka. "Mnaona?" akasema. "Mnaona? Robo saa nzima." Bi Naila akasema robo saa ni ya saa yake ya ukutani ambayo imesimama tangu Ramadhani iliyopita. Halafu akaja mmoja. Alitoka chini ya tangi, mdogo, mweusi, akatembea kwa kupinda pinda kama mtu anayetafuta namba ya nyumba. Akafika kwenye maji, akayazunguka, akapita. Akaenda kwenye chai. Akasimama hapo, Mwalimu akavuta pumzi kwa nguvu.

"Chai," akasema. "Amechagua chai."

Sisimizi akaiacha chai akaenda duara la pili. Akagusa ukingo, akagusa tena, akageuka akarudi chini ya tangi akikimbia.

"Ameenda kuita," Bi Naila akasema.

Walikuja kwa mistari miwili. Mmoja ulikwenda kwenye chai ya vijiko vitatu, na ulikuwa mwembamba. Mwingine ulikwenda kwa Mwalimu, ukanenepa, ukanenepa, mpaka ukingo wa duara ukawa mweusi kama nimeuchora upya, na hata wale wa kwenye chai wakaanza kuhama kidogo kidogo. Niliwaza watu wanavyoacha duka moja wakisikia lile la jirani lina bei nzuri. Sikucheka. Bi Naila akashusha glasi mapajani.

Mwalimu aliwatazama muda mrefu. Midomo ilikuwa imempasuka kwenye pembe, niliiona vizuri kwenye mwanga ule. Aliuliza taratibu, bila kumtazama yeyote, "Wewe Naila, nimekonda kiasi gani?"

"Usiku nakugusa bega nadhani ni henga ya kutundikia nguo," akasema. "Nimeogopa kukwambia." Akainuka. "Naenda kuleta vidonge. Utameza hapahapa mbele yao." Akaingia ndani, tukasikia anahangaika na ufunguo wa kabati.

Nikachukua ndoo ili nioshe yale maduara. Mwalimu akanizuia. "Ngoja."

Nikangoja.

"Rafiq anawaleta watu kesho."

"Ndio, Mwalimu. Itakuwa vizuri, utawaambia wote pamoja. Na Rafiq mwenyewe leo hajameza, ni siku ya tatu. Naweza kukimbia dukani sasa hivi nimwambie."

"Sikiliza kwanza." Alikuwa anaongea chini chini, jicho moja kwenye mlango. "Mimi kwenye maisha yangu sijasema uongo mbele ya watu. Unajua. Nikimeza leo, kesho sitaweza kuwaambia simezi. Basi naanza Jumamosi. Jumamosi asubuhi na mapema, wewe shahidi. Nitawaambia taratibu baadaye, mmoja mmoja, si mbele ya Rafiq na wageni wake, si pale bafuni. Siku moja tu, binti."

"Siku kumi zimeshapita, Mwalimu. Meza leo. Nakuomba."

"Wale wa bafuni wameanza kurudi," akasema, kama hakunisikia. "Nimewaona asubuhi, watano. Mafuta yamekauka. Kesho watakuwa mstari." Akaweka mkono juu ya ukingo wa ndoo niliyoshika, mkono mkavu, mwepesi. Miaka mitatu hajawahi kuniomba kitu, huwa ananiagiza. "Mimina tena kidogo pale kwenye ufa. Mpaka wageni waondoke. Tafadhali, mwanangu."

Bi Naila akatokea mlangoni, kopo la vidonge mkono mmoja, glasi ya maji mkono wa pili. Mwalimu hakugeuka kumtazama. Alikuwa ananitazama mimi.